Bei za Hisa Wakati wa Jioni: Historia ya "Nightly Business Report"

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, habari za biashara nchini Marekani zilikuwa karibu milki ya wachache. Dalali wa hisa alizipata papo hapo kazini mwake, lakini raia wa kawaida alingoja gazeti la kesho yake. Katika televisheni, "Wall Street Week" ya Louis Rukeyser, iliyoanza mwaka 1970, ilionyeshwa mara moja tu kwa juma. Ndipo kituo cha umma WPBT cha Miami, mji ulio mbali sana na soko la New York, kilipoanzisha mwaka 1979 kipindi cha habari za biashara cha kila jioni. Tarehe 19 Oktoba 1981 kipindi hicho kilianza kurushwa nchi nzima kupitia vituo vya umma.

Wakati wenyewe ulikifaa. Sheria ya kodi ya mwaka 1978 iliwafungulia wafanyakazi njia ya kujiwekea sehemu ya mshahara kwa ajili ya uzee, na akiba hiyo ikazidi kuingia katika hisa. Hivyo msukosuko wa soko uligusa pia nyumba ya asiyewahi kukutana na dalali. Mtu wa aina hiyo alihitaji mfasiri. Paul Kangas, aliyekuwa dalali kabla ya kuwa mtangazaji, akawa mfasiri huyo. Hata kuaga kwake kulikuwa mchezo wa maneno, kwa kuwa katika Kiingereza neno la kuagana na maneno ya kununua vizuri hutamkwa namna moja.

Tarehe 19 Oktoba 1987, miaka sita kamili baada ya kurushwa nchi nzima, kipimo cha Dow Jones kilianguka pointi 508, yaani 22,6 kwa mia, kwa siku moja. Jioni kama hiyo mtazamaji hakutaka tarakimu peke yake. Alitaka kuelewa maana yake.

Hata hivyo, jambo lililokipa kipindi nguvu, yaani uhaba wa habari, lilikuwa likitoweka. CNBC ilianza mwaka 1989, ikitangaza bei mchana kutwa. Kisha ikaja intaneti. Kangas alistaafu mwishoni mwa mwaka 2009. Mwaka 2010 WPBT iliuza kipindi kwa kampuni binafsi, na mwaka 2013 utayarishaji wake ukachukuliwa na CNBC yenyewe. Mshindani akawa mlezi, na mlezi ndiye aliyekizika: kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 27 Desemba 2019.

Bei za hisa hazikupotea. Zimejaa kila mahali. Kilichopungua ni ile nusu saa ya jioni, soko likiwa limekwisha kufungwa, ambamo lugha ya madalali iligeuzwa kuwa lugha ya nyumbani, bila malipo.