Barua za Nehemia na Vibali vya Hospitali



Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 2, kuna habari ambayo wahubiri wengi huipita haraka. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, anaruhusiwa kwenda kuujenga upya mji wa baba zake. Hashiki njia papo hapo. Anaomba kwanza barua kwa watawala wa ng'ambo ya Mto ili wampishe, na barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti. Hata alipofika Yerusalemu alizunguka usiku akikagua kuta kabla ya kumwambia mtu yeyote mpango wake. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba alikuwa na kibali cha njia, kibali cha mbao na taarifa ya ukaguzi, na bado hakuwa ameweka jiwe hata moja.

Tumeikumbuka sura hiyo kwa sababu hapa Mkwajuni, tangu Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 na wilaya yetu kutengwa na Chunya, mazungumzo ya kujenga zahanati, kituo cha afya au hospitali husikika katika jumuiya ndogondogo, katika mikutano ya vijiji na hata sokoni. Na kila yanapoanza, hufuata lalamiko lile lile: kwa nini kumhudumia mgonjwa, ambalo ni tendo la huruma, kudai mihuri mingi namna hii? Swali ni la haki. Juma hili tungependa kulitazama kwa njia ya historia, maana mihuri hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Kila mmoja una kisa chake.

Mababa Weupe walipoweka misheni Galula, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, hakuna aliyewauliza ramani ya huduma za afya. Katika nchi nzima mambo yalikuwa hivyo: dawa zilikaa pale alipokaa padre au sista. Dhahabu ya Lupa, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikavuta watu wengi katika nchi hii ya Chunya, na makazi yakafuata machimbo. Hivyo ndivyo ramani ya tiba ilivyochorwa, kwa misheni, kwa migodi na kwa boma la serikali ya kikoloni. Wema ulikuwa mwingi, na hospitali ya Kanisa ya Mwambani, jirani yetu, ni tunda la wema wa namna hiyo. Lakini wema uliotawanyika hauwi mpango. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, mashirika ya dini yalikuwa na sehemu kubwa ya vitanda vya wagonjwa, huku Kilimanjaro na Bukoba zikiwa na misheni nyingi na mabonde ya mbali yakiwa na chache mno. Mwaka 1964 ilitoka taarifa ya kamati iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa London kuhusu huduma za afya za Tanganyika. Fikra yake kuu ilikuwa kwamba huduma za serikali na za mashirika zipangwe pamoja, kama mwili mmoja.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, jambo hilo lilipata nguvu ya siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilielekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini kuliko hospitali kubwa za mijini. Kipindi hicho hicho kilileta kisa cha Bugando, ambacho kila Mkatoliki nchini angepaswa kukijua. Hospitali hiyo kubwa ya Mwanza ilijengwa na Kanisa, ikafunguliwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikachukuliwa na Serikali. Mwaka 1985 ilirudishwa chini ya maaskofu kwa makubaliano, ikiendelea kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Wengine husimulia habari hiyo kama dhuluma iliyorekebishwa. Sisi tunaona humo jambo jingine: pande zote mbili zilijifunza, kwa gharama, kwamba hospitali haiwezi kusimama kwa hati ya umiliki peke yake. Inahitaji mkataba unaotaja nani anamlipa muuguzi, nani ananunua dawa, na nani anamjibu mgonjwa.

Kisha ikaja Sheria ya Udhibiti wa Hospitali Binafsi ya mwaka 1977, ambayo ndiyo mzizi wa vibali vingi tunavyovilalamikia. Sheria hiyo ilitaka hospitali isiyo ya Serikali iendeshwe kwa niaba ya taasisi iliyokubaliwa, kama vile shirika la dini, na si kwa ajili ya faida ya mtu binafsi. Waziri alipewa uwezo juu ya usajili na hata ada. Ilikuwa kali, na ilifunga milango ya madaktari wengi waliokuwa na nia njema. Hata hivyo ndani yake kulikuwa na wazo ambalo Mkristo hawezi kulidharau, kwamba ugonjwa wa mtu si bidhaa. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa na daktari mwenye sifa akaruhusiwa tena kufungua hospitali yake. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa wakatia sahihi hati ya makubaliano, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC) ikaundwa.

Tangu hapo mihuri imeongezeka. Sheria za Ardhi za 1999 zinataka kijiji kiamue juu ya ardhi yake kwa utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ikaleta tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC. Halmashauri inatoa kibali cha ujenzi. Mganga Mkuu anakagua. Maombi ya usajili yanafika Wizara ya Afya; mashine ya eksirei haiwashwi bila Tume ya Nguvu za Atomiki, na chumba cha dawa kina Baraza la Famasi. Anayeona haya kuwa ni karatasi tupu na aulize kila karatasi inamlinda nani. Mkaguzi anayeuliza liko wapi shimo la kondo la nyuma anamlinda mtoto anayecheza nyuma ya wodi. Anayedai ukuta mzito wa chumba cha eksirei anamlinda sista atakayefanya kazi humo miaka 20. Na jengo lisilosajiliwa haliwezi kufunga mkataba na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya; litabaki boma lenye bati jipya na popo darini, na michango ya wajane ikiwa imezikwa ukutani.

Lakini kuna upungufu mmoja ambao historia hii inatuonyesha, nasi hatutaufunika. Usajili huuliza kama nyumba hii inafaa kutibia. Swali la Titmuss lilikuwa jingine: ni nani aliyeachwa nje? Tangu 1991 swali la kwanza limepata fomu nyingi, la pili limepata chache. Matokeo yake hospitali za watu binafsi zimejaa mijini, Dar es Salaam kuliko kwingine, na kila moja ina cheti halali. Serikali ilijaribu kulirudia swali la pili kwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na tena mwaka wa fedha 2018/2019 ilipoanza kujenga hospitali 67 za wilaya. Makanisa nayo yanapaswa kuulizwa. Kujenga pale penye waamini wengi na barabara nzuri ni rahisi, na cheti kitatoka.

Kwa hiyo, kwa wale ambao tayari wanataja eneo na kuhesabu mifuko ya saruji, tunaomba tofali lisubiri kidogo. Mwanzo ni mkutano mkuu wa kijiji, wenye akidi, na muhtasari wenye sahihi na mahudhurio; baada yake, mazungumzo na Mganga Mkuu wa Halmashauri na idara ya afya ya jimbo, kabla mchoraji hajalipwa. Katika muhtasari huo liandikwe pia jambo ambalo wenyeji wa bonde la Rukwa wanalijua kuliko ofisi yoyote: mama mjamzito wa Udinde au Ngwala atapita njia ipi mwezi wa Machi, na ni mto upi utakaokuwa umefurika.