Posho ya Msafara

Ndugu msomaji, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa za pwani zilikwenda bara mabegani mwa watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kama frasila 2 kutoka Bagamoyo, akifuata bendera ya kirangozi. Wengi walikuwa waungwana, si watumwa. Walitembea kwa ujira na mapatano.

Ugomvi ulianzia wapi? Aghalabu kwenye posho. Kibaba cha nafaka kikipunjwa, au mtu akipigwa bila ya hatia, wapagazi walitua mizigo wakagoma, au wakatoroka usiku. Tajiri akabaki porini na bunduki zake na vitambaa vyake. Bunduki haichukui mzigo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba wasafiri watatu wamweke mmoja wao kuwa amiri, na kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake bila ya kucheleweshwa. Basi wewe uliye mkubwa wa ofisi, duka au jahazi, jiulize: mapatano umeyatimiza? Wawili wakiteta, huwasikiliza wote kabla ya kuhukumu? Ukali hunyamazisha watu, haki ndiyo iwapatanishayo. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Amin.