Jaa la Mwakirunge ni la nani? Uzi kuhusu manispaa, chifu na kaunti

Kila msimu wa siasa mdahalo ni uleule. Mmoja anasema "kaunti imetutupa", mwingine anamjibu "hiyo si kazi ya kaunti, muulize mbunge." Na harufu ya jaa haingoji jibu. Hapa hatumtaji mwanasiasa wala chama, tuangalie tu mambo yalivyokuja.

Enzi za mkoloni, Pwani hii ilikuwa ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiuendesha. Kulikuwa na liwali na mudiri, na DC juu yao. Mombasa ikapata bodi ya manispaa 1928.

1963 tulipata uhuru na majimbo: mikoa 7, kila mmoja na baraza lake. Hayakudumu. Jamhuri ilipotangazwa Desemba 1964, yalishavunjwa. Hadi leo neno "majimbo" humtia mtu hamu au hofu, inategemea nani analitamka.

Sasa hapa ndipo watu wengi hupitwa. 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu, na kuanzia Januari 1970 mabaraza ya kaunti ya wakati huo yakapokonywa shule za msingi, afya na barabara. Manispaa kubwa, Mombasa ikiwemo, ziliachiwa. Kwa hiyo mzee wa Kilifi akikosa dawa alijua ni mambo ya serikali ya Nairobi. Mzee wa Mombasa alijua ni manispaa. Ndiyo maana wazee wetu bado wanadai kaunti itengeneze darasa la shule ya msingi. Hawajachanganyikiwa, wanakumbuka vizuri.

Katiba ya 2010 ikapanga upya. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, mabaraza 175 yakaisha, zikaanza kaunti 47. Soma Jedwali la Nne: chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti, uzoaji taka na majaa, hayo ni ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ziko serikali ya kitaifa.

Kwa hiyo jaa ni la kaunti, nukta. Kibarani ilipofungwa, taka za mji zikaelekezwa Mwakirunge. NEMA, ambayo ni ya kitaifa, hutoa leseni na kusimamia mazingira, lakini kuzoa, kufukia na kutunza eneo ni kazi ya kaunti. Mbunge anayeahidi kuliondoa jaa anaahidi kitu kisicho mkononi mwake.

Na MCA je? Mombasa ina wadi 30, Kisauni peke yake wadi 7, Mwakirunge mojawapo. Kazi ya MCA ni kuwakilisha wadi, kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kumkagua gavana. Kujenga si kazi yake, ingawa kwenye kampeni utasikia mengine. Msimamizi wa wadi yuko chini ya gavana. Chifu ni wa serikali ya kitaifa, hata kama ofisi zao zinatazamana. Ukipeleka shida ya taka kwa chifu atakusikiliza kwa adabu, basi.

Pesa nayo ina mtego. Katiba inasema kaunti zote zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu ni ya mapato ya mwisho yaliyokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Ukaguzi ukichelewa, asilimia hiyo inapigwa kwenye mapato ya miaka ya nyuma. Basi mmoja akisema "wamepewa zaidi ya asilimia 15" na mwingine "wamepewa kidogo", wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kabla ya Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapita. Jirani wa Mwakirunge, ukienda kwenye kikao hicho uliza jambo moja: jaa limetengewa shilingi ngapi, na za mwaka jana zilitumika wapi?