Kumbukumbu tendaji na zile sekunde chache

Mtu akisahau alipoweka funguo jana jioni, husema kumbukumbu yake ya muda mfupi imekwisha. Mwanasaikolojia wa utambuzi, yaani mtaalamu wa namna tunavyofikiri, kuelewa na kukumbuka, atamwambia muda mfupi hauhusiki hapo. Jambo la jana ama lilishaingia katika kumbukumbu ya muda mrefu, ama halikuingia kabisa. Muda mfupi anaoupima mtaalamu huyu ni wa sekunde. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson, wa Chuo Kikuu cha Indiana, waliwapa watu konsonanti tatu tu wazishike, kisha wakawahesabisha kurudi nyuma kwa tatu tatu ili wasipate nafasi ya kuzirudia kimoyomoyo. Ilipofika sekunde ya 18, nyingi zilikuwa zimepotea.

Kisa cha Henry Molaison, ambaye vitabuni alijulikana kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008, kinaonyesha tofauti hiyo vizuri. Alipasuliwa ubongo mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, ili kutuliza kifafa, na tangu hapo matukio mapya hayakumkaa. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimchunguza kwa miaka mingi, na bado kwake alikuwa mgeni kila walipokutana. Lakini ukimtajia tarakimu sita na kumwambia azirudie papo hapo, alizirudia kama mtu mwingine yeyote. Mtaani tungesema amepoteza kumbukumbu ya muda mfupi, ilhali hiyo ndiyo iliyobaki nzima.

Kwa hiyo “kumbukumbu ya muda mfupi” ni istilahi halali, na sina ugomvi nayo. Kasoro yake ni kwamba inataja saa na kunyamaza kuhusu kazi. Mwaka 1974 wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch, wakiwa Uingereza, waliuliza swali ambalo wengi walikuwa wamelipita: kumbukumbu hii inatusaidia nini? Waliwapa watu tarakimu kadhaa wazishike akilini na papo hapo wakawapa maswali ya kuamua kama sentensi fulani ni kweli au si kweli. Kama akili ina hifadhi moja ndogo na tayari imejaa tarakimu, basi kufikiri kungekwama. Hakukukwama, kulipungua kasi tu. Wakahitimisha kwamba hapo pana mfumo wenye sehemu kadhaa, wakauita working memory, jina ambalo mwanasaikolojia George Miller na wenzake walishalitumia katika kitabu cha mwaka 1960.

Mwenye haraka atatafsiri “kumbukumbu ya kazi”. Masikioni mwa Mswahili hayo ni mafaili. Tuna kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za mahudhurio, na mtu akiomba kumbukumbu za kazi zako anataka karatasi. Mimi nachagua “kumbukumbu tendaji”, kwa sababu mzizi wake ni tenda, na kutenda ndiko kunakoitofautisha. Mwangalie mwenye duka la mtaani: sukari ya 1,700, sabuni ya 850, mteja kashika noti ya 5,000. Anajumlisha kichwani, anapata 2,550, analishikilia jibu hilo huku anatoa, anarudisha chenji 2,450, na katikati ya yote mtoto kachungulia dirishani anaulizia vocha. Namba zimemkaa akilini kwa muda wa kuzigeuzageuza, zikishatumika anaziachia.

Sehemu za mfumo huo nazo zinataka majina. Ya kwanza hushika sauti kwa kuzirudiarudia kimoyomoyo. Ukiitafsiri neno kwa neno unapata “kitanzi cha fonolojia”, na kitanzi kwetu hakikosi mtu wa kuning’inia; “mzunguko wa sauti” unatosha. Ya pili hushika maumbo na mahali, ile unayoitumia ukimwelekeza mgeni kwa simu apite wapi na akunje wapi. Tuiite ubao wa picha. Juu ya hizo mbili yupo “mtendaji mkuu”, anayegawa umakini, na hapa neno limeoana na tendaji bila kulazimishwa. Shida ni kwamba msomaji anaweza kumwona bosi mdogo amekaa ndani ya fuvu. Lawama hiyo ilimfikia Baddeley mwenyewe, naye alikubali kwamba mwanzoni hakuieleza vya kutosha sehemu hiyo. Mwaka 2000 aliongeza ya nne, hifadhi ya kuunganisha sauti, picha na yale yatokayo kwenye kumbukumbu ya muda mrefu.

Mzunguko wa sauti utausikia ukifanya kazi nyumbani umeme ukikatika. Tokeni ya LUKU, ile namba inayoingizwa kwenye mita ya umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, ina tarakimu 20. Mmoja anasoma kwenye simu, mwingine yuko kwenye mita: “Tatu saba sifuri mbili.” Anabonyeza. “Endelea.” Hakuna anayejaribu zote kwa mpigo. Na aliyeko kwenye mita akiulizwa jambo kabla hajabonyeza, akajibu hata neno moja, tarakimu zinaweza kumtoka, kwa sababu mdomo uliojibu ndio uliokuwa unazirudia. Katika maabara hufanywa vivyo hivyo kwa makusudi: mtu hutakiwa kutamka neno moja lisilo na maana kwa kazi yake, tena na tena, na mzunguko unazibwa.

Zile tarakimu za tokeni zinazosomwa nne nne ndizo wataalamu wanazoziita vipande. Neno zuri zaidi ni “mafungu”, kwa maana ileile ya sokoni, ambako muuzaji anahesabu mafungu na si nyanya. Miller aliandika mwaka 1956 kwamba tunashika mafungu kama saba, yakizidi au kupungua mawili. Nelson Cowan, mwaka 2001, aliishusha hesabu hiyo hadi karibu manne kwa hali ambazo mtu hapati nafasi ya kurudiarudia wala kupanga. Fungu hujengwa na unachokijua tayari. Moja, tisa, sita, moja ni vitu vinne kwa mgeni. Kwa Mtanzania ni mwaka wa Uhuru, fungu moja.

Hapa lugha yenyewe inaingia kwenye kipimo. Mwaka 1975 Baddeley na wenzake walionyesha kwamba tunakumbuka takriban kile tunachoweza kukitamka kwa sekunde mbili hivi, ndiyo maana orodha ya maneno marefu hutushinda mapema. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly waliwapima watu wa Wales waliojua lugha mbili. Tarakimu za Kiwelisi huchukua muda zaidi kutamkwa kuliko za Kiingereza, na watu walewale walishika chache zaidi kwa Kiwelisi. Walipozuiwa kurudia kimoyomoyo, tofauti ikatoweka. Watafiti hao walikuwa wakieleza jambo lenye uzito: watoto waliopimwa akili kwa Kiwelisi walikuwa wakipata alama za chini kwenye tarakimu kuliko viwango vya Kiingereza vilivyotarajia.

Sasa tazama za kwetu. Moja, mbili, tatu hadi tisa, zote ni silabi mbili mbili, na sifuri ina tatu. Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, kina saba peke yake yenye silabi mbili. Kinachopimwa ni muda wa kutamka na si idadi ya silabi, na sisi huzisema upesi, lakini anayechukua kipimo cha akili kilichowekewa viwango kwa wasemaji wa Kiingereza, akatafsiri maelekezo na kuacha jedwali la alama kama lilivyo, anaweza kumwandikia mtoto udhaifu ambao ni wa jedwali.

Vipimo vya tarakimu mara nyingi huwa na sehemu hizi mbili, na kila istilahi ina yake. Mtoto akiambiwa “nne, tisa, mbili, saba” azirudie kwa mpangilio huohuo, unapima zaidi kumbukumbu ya muda mfupi. Akiambiwa aanzie mwisho kurudi mwanzo, itabidi azishike na kuzipindua kwa wakati mmoja, na hiyo ni kumbukumbu tendaji. Watoto wengi, na watu wazima pia, hurudisha chache zaidi kwa njia hii ya pili.