Kula kando ya ziwa siku ya sikukuu: namna ya kuagiza chakula mbele ya kushuka Uvira

Siku za sikukuu, watu wengi wa Luvungi na vijiji vya tambarare ya Ruzizi wanashuka Uvira kutembea kando ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 8 Machi ni akina mama wenye vitenge vya sare. Tarehe 30 Juni, Noeli na Mwaka Mpya ni familia nzima. Wengine wanafika mchana na njaa, kisha wanaambiwa: mikeke imekwisha. Feza ya gari imeshatoka, watoto wanalia, na saa ya kurudi haingoji.

Ni nini kinachoagizwa?

Viti si shida kubwa. Vinaweza kuazimwa kwa jirani. Kinachokosekana ni samaki na nafasi kwenye moto. Mwenye jiko ananunua samaki kwa kadiri ya watu anaowatazamia. Kwa hiyo kuagiza ni kumwambia mapema: nunua na wangu.

Kalenda ya mwezi pia inafaa kutazamwa. Ndagala na mikeke huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki vizuri na wavuvi wengi hupumzika. Sikukuu ikiangukia siku hizo, samaki hupungua na bei hupanda. Ni vizuri kuuliza kama kuku au nyama ya mbuzi itakuwapo.

Maneno ya kusema kwenye simu

- Hesabu ya watu: wakubwa wangapi, watoto wangapi.
- Siku na saa. Iseme wazi: «saa saba ya mchana», kwa maana wengine wanahesabu saa kwa Kifaransa.
- Samaki wangapi na wa kadiri gani, na cha kulia: bugali, wali, makemba, sombe.
- Bei ya yote pamoja, kwa franga ao kwa dola. Dola iliyopasuka mara nyingi inakataliwa.
- Kama inaruhusiwa kuja na vinywaji vyenu.
- Meza ziko wapi. Mwaka 2020 mafuriko yalipiga Uvira, na miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda yakafunika sehemu za ufuko. Mahali palipojulikana zamani pengine pamehama.

Avansi

Mpishi akiomba avansi, si wizi: anataka feza ya kwenda sokoni. Lakini mambo matatu yasemwe mbele ya kuitoa: ni kiasi gani, nani anaipokea, na itakuwaje safari ikikufa. Ikipita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ujumbe usifutwe. Ikitolewa mkononi, iombwe karatasi yenye tarehe, jina na kiasi.

Wenye ndugu Amerika wanaweza kushangaa kwamba kule ni vilevile. Walt Disney World, bustani kubwa ya michezo iliyofunguliwa Florida mwaka 1971, inaruhusu kuagiza meza siku 60 mbele. Katika restora zake nyingi, mtu aliyeagiza na hakuja wala kufuta mapema anakatwa dola 10 kwa kila kichwa. Kule kadi ya benki ndiyo inamlinda mpishi. Huku ni avansi.

Kikundi

Kikundi cha likelemba ao cha kanisa kichague mtu mmoja wa kuongea na mwenye jiko. Watatu wakipiga simu, kila mmoja na hesabu yake, mpishi hajui amfuate nani. Wahesabiwe waliolipa tu. «Nitakuja» haijazi sahani, na pengo lake litalipwa na wenzake.

Siku yenyewe

Kutoka Luvungi, barabara ya kitaifa namba 5 inapita Sange na Kiliba. Mvua ikinyesha, gari linaweza kukawia sana. Ni vizuri kuuliza hali ya njia jana yake, na kumpigia mpishi mkiwa Sange ili atie samaki kwenye moto kwa wakati.

Na safari ikishindikana, apigiwe simu jana yake, mbele hajaenda kununua. Samaki akiwa bado kwa mvuvi, avansi inaweza kuzungumzwa. Akishaoshwa na kutiwa chumvi, mazungumzo yanakuwa magumu.