Alama za Wafanyabiashara kwenye Rupia za Fedha

Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1890 ikiwa na sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili, ilikuwa na gramu 11.66 za fedha ya kiwango cha 917 kwa 1,000, sawa na rupia ya India. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa, ambako Wajerumani walijenga boma mwaka 1896, hadi eneo la Mbeya ya leo, zilivutwa katika matumizi ya rupia hiyo, hasa kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898.

Sarafu za fedha za aina hii huweza kuwa na alama za wafanyabiashara: huko India na China wabadili fedha waligonga chapa ndogo kwenye sarafu kuthibitisha ubora wake. Zamani wakusanyaji waliziona chapa hizo kuwa dosari tupu. Leo wapo wanaozitafuta makusudi, mradi ziwe chache na sura ya sarafu isomeke. Pia zipo chapa za serikali: Wareno wa Msumbiji waligonga taji na herufi PM.

Tundu la sonara ni jambo jingine. Rupia iliyotobolewa ikawa kidani hupoteza sehemu kubwa ya bei yake sokoni, ingawa kwa mwanahistoria huenda ndiyo yenye mengi ya kueleza. Mwenye nayo asiisugue.