Kijino kisichokata: historia fupi ya mnyororo wa chenso

Ukisikia chenso inanguruma kwenye mikaratusi ya mtu kule Mgeta au Matombo, usikimbilie kuangalia mti. Angalia kinachoruka kutoka kwenye msumeno. Vikiwa ni vipande vinene kama maganda, mnyororo uko sawa. Ukiwa ni unga laini kama sembe, fundi anapigana na mti. Na ukimuuliza atakwambia, "Mbona nimenoa asubuhi hii hii?" Huenda kanoa kweli.

(Nasema mikaratusi ya shambani. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa 2008, huo ni mjadala mwingine na askari wake wapo.)

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya injini, gogo lilikatwa na watu wawili wakivutana msumeno. Mingi ya misumeno hiyo ilikuwa na meno ya aina mbili: yale yaliyochana nyuzi za mti, na mengine mafupi kidogo yaliyokwangua kilichochanwa na kukitoa nje. Andreas Stihl wa Ujerumani alipotengeneza chenso ya umeme mwaka 1926, na ya petroli 1929, injini ilikuwa mpya lakini meno yalikuwa ya zamani. Minyororo ya wakati ule iliendelea kuchana na kukwangua, na ilikuwa butu upesi. Kuinoa ilikuwa adhabu.

Aliyebadili mambo ni mkata miti wa Oregon, Marekani, Joseph Buford Cox. Mwaka 1946 aliona buu la bungua likitafuna kisiki. Lilikuwa linapita kwenye mti mgumu bila shida, likifuata nyuzi au likizikatiza, kwa taya mbili zilizopinda, moja kushoto na moja kulia. Mwaka 1947 Cox alianza kuuza mnyororo wenye meno yaliyopinda namna hiyo. Hayachani tena, yanamega. Karibu kila chenso unayoiona leo Morogoro ina mnyororo wa ukoo huo.

Sasa tazama jino moja kwa karibu. Nyuma kuna sehemu kali inayokata. Mbele yake kuna kijino kifupi, butu, ambacho hakikati chochote. Kazi yake ni kutelezea juu ya mti na kumwambia mwenzake: ingia hapa, usizidi. Kwa minyororo mingi kiko chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi, na unene wa kipande kinachomegwa unatokana na pengo hilo.

Hapo ndipo fundi wetu anapokwama. Mgongo wa jino umeinama kuelekea nyuma, kwa hiyo kila ukipiga tupa, ncha inarudi nyuma na kushuka. Kijino cha mbele hakijaguswa, kiko palepale. Pengo linapungua hadi jino kali kabisa linabaki kulamba mti tu. Fundi anakandamiza, injini inachemka, mafuta yanaisha, mgongo unauma. Kwenye mitiki, kama ile ya Mtibwa, hali hii inakuja mapema zaidi, maana mtiki una silika ndani yake, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Unanoa mara nyingi, pengo linakwisha haraka.

Dawa ni tupa bapa na kile kibati cha kupimia kinacholazwa juu ya mnyororo: kijino kikichomoza, unakipunguza hadi usawa wa kibati, kisha unakiviringisha kidogo upande wa mbele. Angalia kila baada ya kunoa mara chache.

Ila usifanye kwa jicho, tafadhali. Wapo wanaokishusha sana makusudi "ili ile vizuri". Jino linang'ata kuliko injini inavyoweza kumega, msumeno unatikisika, na ncha ya chuma kinachobeba mnyororo ikigusa tawi, chenso nzima inaweza kuruka juu kumrudia aliyeishika. Inakuja usoni au shingoni, haraka kuliko mkono unavyoweza kuachia mafuta.